Nukta Nane

Barabara ya Ushguli itafungwa usiku huu, wanasema.
Theluji imeshashuka hadi kwenye minara ya mawe,
na Murzakani kanijia na karatasi ya daktari
imekunjwa mara nne ndani ya kofia yake.

Namuuliza uzito wa mtoto.
"Kumi na tatu. Nimempima jana
kwenye mizani ya viazi."
"Na nguo?"
"Shati tu. Na buti za kaka yake. Alikataa kuzivua."
Naziomba hizo buti. Anacheka; kumbe sitanii.
Bahati, zimo garini, kazileta kwa fundi.
Naziweka juu ya mizani yangu:
kilo nzima, na matope yake.
Kumi na tatu toa moja.
Lamara ana kilo kumi na mbili,
mtoto mtupu.

Sasa hesabu. Kwa kalamu, si kwa kichwa;
kichwa kina njaa saa hizi.
Miligramu ishirini kwa kila kilo, kaandika daktari:
mia mbili na arobaini.
Chupani, kila mililita tano zimebeba mia mbili na hamsini,
yaani hamsini kwa moja.
Nagawa. Nne nukta nane.
Nairudia kuanzia mkiani: nne nukta nane.
Wengine wangesema tano, na wasingeua mtu.
Lakini karatasi haikusema tano.

Mara tatu kwa siku, kumi na nne nukta nne.
Kwa siku saba, mia moja nukta nane.

Hapo kalamu inasimama.
Chupa yangu ina mia.

Nilipofunzwa kazi hii, kule Kutaisi,
mwalimu Eteri alitugonga vidole kwa rula
kila tulipoandika nukta bila sifuri mbele yake.
"Nukta ni inzi," alisema. "Akiruka, nane inabaki peke yake,
na mimi simjui mtoto wa kuinywa hiyo."
Naandika sifuri, kubwa, ya mviringo. Sifuri nukta nane.
Hiyo ndiyo iliyopungua.

Murzakani ameegemea kaunta.
"Tone hilo? Halifiki hata machozi yake ya asubuhi."
Kweli.
Na bado sijahesabu kitakachobaki shingoni mwa chupa,
kitakachotemwa kwenye shati,
kitakachomwagika usiku wa tatu Lamara akirusha teke.
Haba na haba hujaza kibaba, tuliambiwa;
hatukuambiwa kwamba kibaba nacho
huvuja kwa haba hizo hizo,
na kwamba siku ya saba, jioni, theluji ikiwa kimo cha mlango,
mtu atainua chupa kwenye taa
na kuipigapiga kisogoni.

Natoa ya pili.
Anaitazama bei, anazitazama buti, analitazama dirisha.
Sisemi kitu. Nafungua daftari la madeni,
naandika chini ya jina la binamu yake,
ambaye naye nilimwandika msimu wa viazi
na sijui ni msimu upi aliokusudia.

Ya kwanza naikoroga hapa hapa, maji hadi mstarini.
Ya pili naiacha unga, ikalale kavu;
ikishalowa haikai.
"Maji yachemke, yapoe, ndipo utie. Mpaka hapa.
Kisha tikisa, kila mara kabla hajanywa.
Si kama mtu anayekataa chai. Kama mtu anayeamsha mlevi."
Kwenye bomba la plastiki, lile lisilo na sindano,
nachora mstari kwa rangi yangu ya kucha,
na tunasimama wawili, watu wazima,
tukiupulizia mstari mwekundu ukauke.

Gari lake linakohoa mara mbili, linashika mlima.

Nafagia. Nahesabu fedha. Navaa koti.
Mizani bado inawaka gizani:
gramu mia tano na sita.
Kasahau buti moja.

Nazidisha kwa mbili, kwa kalamu,
ndipo nazima taa.